DVD ya Matanga ya Phanuel

Ukuta kati yangu na Nashon ni bati moja tu, na bati lenyewe lina matundu. Mimi nashona sare za shule upande huu, yeye yuko na kompyuta yake upande ule, na reli ya Laini Saba, hapa Kibera, inapita mbele yetu sote wawili. Kwa hiyo nikisema najua mambo ya Nashon, sikuyapata kwa umbeya. Yamenijia yenyewe nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Jina langu ni Seline, lakini hapa wote huniita Mama Mourine, isipokuwa Nashon, ambaye tulijuana kabla Mourine hajazaliwa na hadi leo hajanipa heshima yangu.

Nashon ni mrefu, mwembamba, na shati lake limepigwa pasi hata siku za matope. Alikuja Nairobi kutoka Ugenya akiwa kijana, akapata kazi ya kufagia kwenye studio ya picha mjini. Kufagia kukageuka kubeba taa, kubeba taa kukageuka kushika kamera, na mwishowe akajinunulia kamera yake ya vidio, zile za kanda ndogo. Siku hizo, ukiwa na kamera ya vidio Kibera, wewe ulikuwa mtu. Wenzake walikimbilia harusi. Yeye akachukua matanga, kwa sababu, alivyoniambia, watu wetu wanaweza kuahirisha harusi mpaka watoto wamalize shule, lakini kuzika hawaahirishi.

Kazi haikukosekana. Kila Ijumaa kulikuwa na basi la kusafirisha mwili kutoka Kibera au Kawangware, na Nashon alikuwamo na mfuko wake mweusi magotini. Jumamosi anarekodi mazishi, leo Siaya, wiki ijayo Vihiga, wiki ile nyingine Bungoma. Akirudi anakaa siku kadhaa akikata na kuunganisha, halafu DVD zinatoka zikiwa na kava ya picha ya marehemu, waridi jekundu pembeni, na maandishi ya rangi ya dhahabu: Nashon Video, Laini Saba. Kila aliyepanda basi lile alinunua. Kununua DVD ya matanga kulikuwa sehemu ya kuomboleza, sawa na kuchanga. Kuitazama ni habari nyingine. Najua nyumba nyingi ambazo DVD hizo zililala chini ya godoro na hazikuwahi kuchezwa. Nani anataka kumzika mtu wake mara ya pili hapo sebuleni?

Nashon alikuwa na jambo moja katika kazi yake. Hakuweza kuvumilia kilio. Mwanzoni alikiacha kama kilivyo, mpaka siku aliyompelekea mama mmoja wa kijiji cha Raila, hapa hapa Kibera, DVD ya mtoto wake, wakaitazama pamoja, na yule mama aliposikia sauti yake mwenyewe ikipiga mayowe ndani ya televisheni alianguka pale pale, ikabidi majirani wamwagie maji. Tangu hapo, penye kilio Nashon alifuta sauti akaweka wimbo wa kwaya. Watu wakapenda. Wakasema DVD za Nashon zinaliwaza. Basi naye akanogewa, akaanza kuweka wimbo hata pasipo na kilio: kwenye chakula, kwenye maua, na kwenye hotuba za wazee zinazovutwa mpaka jua linazama. Kamati zilimwambia wazi, fundi, hotuba punguza, nyimbo ongeza.

Halafu simu zikaja. Siku hizi mazishi yanarushwa moja kwa moja mtandaoni na mpwa yeyote wa marehemu, mkono ukitetemeka, kidole kikiziba nusu ya picha, na hakuna anayelalamika. Nashon aliuza kamera. Annet, mkewe, alirudi nyumbani kulima, na kila nikiuliza anarudi lini naambiwa mvua ikiisha. Mvua imeisha mara nyingi. Kilichobaki ni kibanda, shati lenye pasi, na kompyuta kuukuu ambayo wateja waliijaza virusi kwa flashi zao mpaka ikawa inajizima yenyewe. Wakarima, anayefundisha kompyuta kule Ayany, akaifuta yote akaiwekea mfumo mwingine, Linux. Nashon alinuna wiki nzima. Alisema amenyang'anywa kila alichokizoea akapewa kioo cheusi cha kuandikia amri. Lakini virusi havikurudi, na polepole akajifunza kuwa kompyuta ile haichagui. DVD ambazo deki za watu zilizitema, yeye alizifungua. Ndiyo kazi yake sasa: unamletea DVD ya zamani, anaigeuza faili ya kawaida, anakuwekea kwenye simu. Wengi wanaokuja wanaleta zile zile alizozitengeneza yeye. Anaishi kwa kufungua makaburi aliyoyafunga mwenyewe, nilimtania siku moja, na hakucheka.

Nasike alikuja asubuhi moja ya mwezi wa tano, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa ametembea kutoka Kawangware. Ni mwanamke mfupi, mkimya, mikono imekakamaa kwa sabuni; anafulia watu nguo Lavington. Alisimama mlangoni pa Nashon akafungua leso iliyokunjwa mara nyingi, na ndani ya leso mkawa na kava yenye waridi jekundu.

"Sasa fundi. Ni wewe Nashon Video?"

"Ni mimi, mama. Karibu ndani." Niliisikia furaha kwenye sauti yake. "Na hiyo umeshika ni kazi yangu! Hebu nione. Phanuel... Phanuel wa Kawangware, tulizika huko karibu na Chwele. Si ndio?"

"Ndio. Alikuwa bwana yangu."

"Pole sana, mama. Ni siku mingi."

"Ni siku mingi. Sijawahi iona hii DVD. Nilikuwa tu nimeiweka. Sasa naitaka, lakini kila mahali wanasema haisomi."

Nashon akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimeshasimamisha cherehani. Sijui kujifanya siko, kwa hiyo nikazunguka nikaenda kusimama mlangoni na kumsalimia mgeni, naye akaanza kueleza, kwanza kwa Nashon, halafu kwetu wote wawili.

Yeye na Phanuel walianza kuishi pamoja hapo Kawangware bila kwenda kwa wazazi, kama vijana wengi wanavyofanya, wakisema watakwenda wakipata nafasi. Wakapata mtoto, Ken. Nafasi haikupatikana. Phanuel aliangukiwa na jengo alilokuwa akilijenga, na mara ya kwanza kwa Nasike kukanyaga boma la wakwe zake ilikuwa akifuata jeneza, mtoto mgongoni. Alidhani atafukuzwa. Lakini siku ya mazishi, wakati wa kutambulisha familia, baba yake Phanuel, mzee Walubengo, alisimama mbele ya watu wote. Alimwita. Akamchukua Ken, akamsimamisha kando ya jeneza, akamwekea mkono kichwani na kusema kwamba huyu ni wa Phanuel, kwamba anampa jina la babake yeye mzee, Khaemba, na kwamba siku yake ya kutahiriwa ikifika atatoka mtoni na kusimama katika uwanja huu huu, kwa sababu ni wa baba yake.

"Alisema kwa Kibukusu," Nasike akasema. "Naweza kukwambia neno kwa neno mpaka leo."

Mzee Walubengo naye alikufa. Boma likabaki kwa Boaz, ndugu mkubwa wa Phanuel. Sasa Ken alikuwa na miaka kumi na minne na Agosti ya kutahiri ilikuwa inakaribia, kwa maana kwao Wabukusu vijana hutahiriwa mwaka mmoja na kuruka mwingine. Wenzake wote pale Kawangware walikuwa wanajiandaa kwenda kwa baba zao, kupiga njuga, kuzunguka kwa jamaa wakialika, kupakwa matope mtoni alfajiri na kurudi wakiimbiwa. Nasike akampigia Boaz simu. Boaz akasema hamjui mtoto huyo. Akamkumbusha maneno ya mzee. Boaz akasema hakuna maneno ya namna hiyo aliyoyasikia.

"Na watu waliokuwepo?" nikauliza.

"Wazee wengine wamekufa. Wengine wanakula kwake. Na wale tulienda nao na basi, Boaz anasema watu wa Nairobi wanaweza kuapa chochote." Akaitazama DVD mkononi mwa Nashon. "Sitaki shamba yake. Nataka Ken asimame kwa uwanja ya babake. Kama Boaz atasikia mzee mwenyewe akisema, atakataa aje?"

"Hawezi kataa," Nashon akasema. "Mama Ken, niachie hii. Nitaitoa."

Nilimwona alivyojinyoosha. Miaka mingi watu walikuwa wamemletea DVD wapate kuwaonyesha watoto jinsi babu alivyokuwa mnene. Huyu alikuwa amemletea jambo. Jioni ile aliimba akifunga kibanda, na Nashon akiimba ujue dunia imetulia.

DVD haikutoka kirahisi. Siku ya kwanza ilicheza waridi linalozunguka, ikacheza basi, ikacheza watu wakishusha jeneza, halafu ikaganda. Kila alipoirudisha iliganda pale pale, kasisi akiwa ameinua mkono. Ilikuwa imechunika kwa kulala ndani ya leso miaka yote hiyo. Nashon akaachana na kuicheza. Akafungua kile kioo cheusi akaandika amri yake, na kompyuta ikaanza kuinakili DVD kipande kwa kipande, ikichukua kwanza palipo pazima, kisha ikirudi kwenye palipoharibika na kujaribu tena na tena, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika mchangani. Stima ilipopotea, na hapa kwetu stima hupotea, aliianzisha tena na ikaendelea pale ilipoachia. Sehemu kubwa ya siku niliisikia ile deki yake ikikoroma kupitia bati. Mteja akija na kazi nyingine anaambiwa kesho.

"Una wateja wawili tu na umewafukuza wote," nikamwambia.

"Wewe shona."

Nasike alikuwa anapita kila akipata nafasi. Hakuuliza mengi. Anasimama, anatazama zile namba zikitembea kwenye kioo, anaambiwa imebaki kidogo, anaondoka. Mara moja alikuja na Ken. Kijana mrefu kuliko mamake, sauti imeanza kukatika, na kwenye mkono wake amevaa njuga za chuma alizoazima kwa rafiki. Alizipiga kidogo pale mlangoni, kwa aibu, ili Nashon asikie. Nashon akazipigia makofi. Ningependa kusema sikulia, lakini nililia kidogo, kwa sababu nina watoto.

Hatimaye kompyuta ikamaliza. Nashon alitaka kuitazama peke yake kwanza, lakini Nasike alitokea, na hakuwa na moyo wa kumwambia arudi kesho. Akaniita nami. Tukakaa watatu kwenye benchi moja. Mazishi yakaanza kutembea kwenye kioo, na pale ilipokuwa ikiganda haikuganda. Kasisi akashusha mkono. Watu wakakaa. Nikamwona Nasike akiwa msichana, amefunga kitambaa cheusi, uso umevimba kwa kulia, na mtoto mdogo mnene akivuta sketi yake.

"Huyo ni Ken," akasema. "Angalia. Huyo sasa ni mzee."

Mzee Walubengo akasimama. Koti kubwa, fimbo, kofia mkononi. Akafungua kinywa kusema, na kwaya ikaanza kuimba.

Ilikuwa kwaya nzuri, sitasema uongo. Sauti nne, kinanda chini yake, inaimba juu ya mji usio na machozi. Mzee anasema, mkono wake unakwenda na kurudi, anamwita Nasike, anamshika mtoto, anamsimamisha kando ya jeneza, anamwekea mkono kichwani, midomo inatembea, na kinachosikika ni kwaya. Nilimgeukia Nashon. Uso wake ulikuwa umekufa. Alikuwa ameujua wimbo ule tangu noti ya kwanza.

"Wimbo itaisha?" Nasike akauliza.

Wimbo ulikuwa na beti tatu na Nashon alikuwa ameziweka zote. Mzee alikuwa karibu kumaliza maneno yake ubeti wa tatu ukiwa bado unaimbwa, na hapo ndipo kwaya ilipofifia, kwa sababu Nashon alipenda nyimbo zake ziishie taratibu. Tukasikia upepo. Tukasikia sauti ya mzee, nzito, ikimalizia kwa Kiswahili ili wageni wa Nairobi nao waelewe.

"Mmesikia?"

Na umati mzima ukajibu, "Tumesikia!"

Kamera ilikuwa imewageukia. Kwenye mstari wa mbele, tai nyekundu shingoni, mdomo wazi kabisa, mwanamume ambaye Nasike alimwonyesha kwa kidole, Boaz mwenyewe, alikuwa anajibu pamoja nao. Halafu picha ikakatika, ukaja uwanja wa masufuria, na kwaya nyingine ikaanza.

Nasike akasogea karibu na kioo. Kisha akasema, "Fundi, toa wimbo."

"Mama Ken..."

"Toa wimbo. Maneno ya mzee yako chini."

Nashon akafungua mahali pa kuhariri sauti, akatuonyesha ile michirizi inayopanda na kushuka. Akamweleza polepole. Hakuuweka wimbo juu ya sauti. Alifuta sauti, akauweka wimbo mahali pake. Chini ya wimbo hakuna kitu.

"Na ile kanda? Ile ulishika nayo kwa kamera?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, maana nilikuwa nalijua jibu. Kanda zilikuwa ghali, na Nashon hakuwa na mazoea ya kutunza. Jumamosi iliyofuata aliingiza kanda ile ile akarekodi matanga mengine juu yake. Alimwambia hivyo. Hakujitetea kwa kamati wala kwa mama wa Raila. Alisema, "Nilirekodi juu yake, mama," akainamisha kichwa.

"Kwa nini uliweka wimbo hapo?" Sauti ya Nasike haikupanda. "Mzee alikuwa halii. Mimi nilikuwa nimenyamaza. Mbona hapo?"

"Sikuwa naelewa Kibukusu," Nashon akasema. "Nilidhani ni hotuba tu."

Nilimkasirikia vibaya. Mtu anasimama mbele ya jeneza la mwanawe anamtafutia mjukuu wake pahali duniani, na wewe unaona ni hotuba tu, kwa sababu hukuijua lugha na hukuuliza! Na nilimhurumia pia, kwa sababu nilijua aliyafanya yale yote akidhani anawapunguzia watu uchungu. Vyote viwili vilinikaa kifuani pamoja na sikujua kipi nikitoe kwanza. Nasike aliikunja leso yake tupu akaenda.

Kesho yake nilimfuata Nashon. Alikuwa hajawasha kompyuta. Nikamwambia, si Nasike anayajua maneno yote, neno kwa neno? Kawangware imejaa wazee wa Kibukusu. Mmoja aje hapa, ayaseme kwa sauti nzito, wewe uyapange na midomo ya mzee, umtumie Boaz. Nani atajua? Boaz mwenyewe atajua tu kwamba ndivyo ilivyosemwa, na atanyamaza.

Alinitazama kama mtu aliyechoka.

"Nimeshamwekea huyo mzee sauti isiyo yake mara moja, Seline. Sirudii."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Kuna siku mtu anakukatalia jambo na unashindwa kumwona mjinga.

Alichofanya ni kukata kipande kile, tangu mzee anasimama mpaka watu wanajibu, wimbo wake ukiwa vile vile, asiguse kitu. Akakiweka kwenye simu ya Nasike, naye akamtumia Boaz. Nashon alisema jibu la watu lilikuwa limebaki, na uso wa Boaz umo, na mkono wa mzee upo kichwani pa mtoto. Mtu mwenye utu atajua. Alisema hivyo mara nyingi mno siku zile, mpaka nikajua haamini.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti. Nasike aliuleta tuusikie, akaweka simu juu ya meza ya Nashon, akasimama pembeni kama vile halikuwa lake. Boaz alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyeshiba.

"Shemeji, nimeona hiyo vidio. Asante, nimemwona mzee, nimefurahi. Ni kweli alimshika mtoto kichwa. Mzee alikuwa anashika watoto wote kichwa. Na ni kweli tulijibu tumesikia. Alikuwa anatangaza chakula iko tayari, si unaona baada ya hapo ni sufuria? Sasa mambo mengine tumwachie Mungu."

Sufuria. Picha iliyofuata ilikuwa ya masufuria, na ni Nashon aliyeipanga hapo. Mzee alikuwa amesema yake saa nyingine kabisa, kabla ya kaburi, na chakula kililiwa baada ya watu kunawa; lakini kwenye DVD kimoja kilifuata kingine kwa sababu Nashon aliona kinapendeza hivyo. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Nasike alichukua simu yake.

"Sikulaumu, fundi," akasema. Nadhani alimaanisha, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Angemtukana, Nashon angepata pa kushika.

Agosti ikafika. Kawangware yote ikawa njuga na nyimbo, mabasi yakajaa vijana wakienda magharibi na baba zao na wajomba zao. Ndugu yake Nasike alisema Ken aende atahiriwe kwao, kwa wajomba, lakini Ken akakataa. Alisema akisimama kwenye uwanja wa wajomba ataitwa mtoto wa dada maisha yake yote. Basi Nasike akampeleka kliniki, pale pale Kawangware. Alipangwa foleni kwenye benchi pamoja na watoto wadogo wenye peremende mikononi. Akachomwa ganzi, akashonwa, akapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyeimba. Zile njuga alikuwa amezirudisha kwa mwenyewe mapema, kwa sababu mwenyewe alizihitaji.

Alipopata nafuu alikuja Laini Saba peke yake. Alitembea akiwa ameachanisha miguu, leso ya mamake kiunoni, na watu wa reli wakamfanyia utani wa kawaida, naye hakujali. Nashon alikuwa anafuta vumbi kwenye kompyuta. Hakuwa amefanya kazi ya maana tangu siku ile. Watu walikuja na DVD zao akawaambia waende kwingine.

"Niaje fundi."

"Poa, kijana. Umepona?"

"Napona. Nataka ile clip. Kwa simu yangu, si ya mathe."

Nashon akaiweka. Ken akakaa kwenye benchi, taratibu, akaifungua. Kabla kwaya haijaanza alibonyeza sauti mpaka ikaisha kabisa, akabaki anatazama midomo ya babu yake. Alijua mahali pa kuirudisha sauti. Akairudisha, na tukasikia upepo, kisha ile sauti nzito.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Akaianza upya. Safari hii alisimamisha picha mzee akiwa ameweka mkono kichwani pa mtoto. Kivuli cha mtu mwenye kamera kilikuwa kimeangukia koti la mzee, kirefu, chembamba.

"Hii shadow ni yako?"

"Ni yangu."

"Kumbe ulikuwa karibu hivyo."

"Nilikuwa karibu."

"Na masikioni ulikuwa na zile hedifoni?"

"Nilikuwa nazo."

Ken aliitazama simu, halafu akamtazama Nashon. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtoto anavyouliza.

"Mathe ameniambia. Lakini yeye ni mathe. Nataka nisikie kwa mtu mwingine. Wewe ulimsikia kuliko watu wote, fundi. Alisema nini?"

Mimi nilikuwa nimeacha kukanyaga cherehani. Nashon alisimama na kile kitambaa cha vumbi mkononi, na nilijua anayajua maneno yote sasa, kwa sababu Nasike alikuwa ameyasema mbele yetu sote. Angeweza kuyarudia. Kijana angeyachukua akaenda nayo.

"Sijui, Khaemba," akasema, akimwita kwa lile jina la kando ya jeneza. "Nilikuwepo, na sijui."

Ken akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akaweka simu mfukoni, akamshukuru, akainuka kwa uangalifu na kushika njia ya Kawangware akifuata reli.